Msafiri na Abiria: Uhakiki wa Insha za Uwanja wa Ndege wa Juba

Miongoni mwa mada ambazo walimu wa Kiswahili hapa Juba wamependa kuwapa wanafunzi wao tangu Oktoba 2018 ni ile ya uwanja wa ndege. Sababu yake ni wazi. Katika mwezi huo Rais Salva Kiir alilifungua jengo jipya la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, na jambo hilo likazungumzwa sana mjini na miongoni mwa wasafiri waliopita hapa. Mada yenyewe huandikwa ubaoni kwa maneno machache: "Eleza uliyoyaona katika uwanja mpya wa ndege." Mwanafunzi hupewa saa moja na ukurasa mmoja na nusu.

Madhumuni ya makala haya ni kuzihakiki insha za namna hiyo, pamoja na maelezo ya wasafiri watu wazima ambayo wanafunzi huyaiga. Nimesoma mafungu kadhaa ya insha hizo, mengine ya darasa langu na mengine ya wenzangu wa hapa Atlabara na mitaa ya jirani. Sitataja shule wala jina la mwanafunzi. Neno langu kuu ni kwamba insha hizi hueleza jengo na kumsahau mtu, na kwamba mwongozo wa kusahihishia unaotumika huzituza kwa kufanya hivyo. Jambo hilo lina madhara katika lugha, na lina madhara vilevile katika maisha ya watoto tunaowafundisha.

Kwanza yafaa tujikumbushe habari za uwanja wenyewe, maana mwenye kuhakiki maelezo ya kitu asichokijua hupotea na kuwapoteza wengine. Juba haikuanza jana kupokea ndege. Katika miaka ya 1930 ndege za kampuni ya Imperial Airways, zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini, zilitua hapa, pakiwa kituo kimojawapo cha njia ile ndefu. Tarehe 9 Julai 2011, siku ambayo Sudan Kusini ilipata uhuru, wakuu wa nchi nyingi walishukia hapa. Ujenzi wa jengo kubwa la abiria ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya siku hiyo, kisha ukakwama kwa muda mrefu. Abiria wakawa wanahudumiwa katika jengo dogo lililojaa pomoni, na baadaye katika mahema yaliyotandikwa mbao chini. Mwaka 2017 tovuti moja ya wasafiri, inayokusanya maoni ya watu waliolala na kungoja katika viwanja vya ndege, iliutaja uwanja wa Juba kuwa mbaya kuliko vyote duniani. Mwaka uliofuata jengo jipya likafunguliwa.

Kutokana na historia hiyo zilizaliwa aina mbili za maelezo, ya dhihaka na ya sifa. Tuzitazame moja moja.

Msafiri wa dhihaka hushuka katika ndege, akaona hema, akaona mbao zinazobonyea, akaona choo, akaona mizigo iliyorundikwa chini, kisha huandika orodha. Sikusudii kusema kwamba aliyoyaona hayakuwapo. Yalikuwapo, na wakazi wa mji huu waliyajua kabla yake. Kasoro ya maelezo yake ni kwamba hayana sababu: kitu hutajwa bila ya kutajwa kilichokileta. Hema halikujisimamisha. Mwaka 2012 uchimbaji wa mafuta ya petroli, ambayo serikali huyategemea kwa sehemu kubwa sana ya mapato yake, ulisimamishwa kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya mgogoro na Sudan. Desemba 2013 vita vikazuka. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka. Tarehe 4 Novemba 2015 ndege ya mizigo aina ya Antonov ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, karibu na Mto Nile, ikaua watu zaidi ya thelathini. Julai 2016 mapigano yakazuka tena mjini na safari za ndege za abiria zikasimama kwa muda. Msafiri anayeandika habari za choo asiandike hata moja katika hizi ametupa kiarifu bila kiima. Tunajua kilichotendeka, lakini hatujui nani katenda wala nani katendwa.

Aidha, katika maelezo ya dhihaka wenyeji hawasemi. Ofisa wa uhamiaji aliyeshinda hemani kwenye joto akigonga mihuri haonekani ila kama sehemu ya usumbufu, pamoja na nzi na vumbi. Wala mwandishi hakumwuliza neno.

Aina ya pili ilienea baada ya ufunguzi, nayo ndiyo inayojaa katika madaftari ya wanafunzi. Humo kila kitu kinang'aa. Sakafu inang'aa kama kioo, kioo kinang'aa kama maji, paa limeinuka kama mlima, ndege zinashuka kama tai, na mwandishi anajiona kana kwamba yuko Ulaya. Tashbihi hiyo ya Ulaya nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na karibu wote walioitumia hawajapata kufika Ulaya. Hapo ndipo mhakiki hana budi kusimama. Kazi ya tashbihi ni kumwonyesha msomaji kitu asichokijua kwa kukifananisha na kitu anachokijua. Mwanafunzi anayelifananisha jengo aliloliona kwa macho yake na bara asilopata kuliona ameipindua kazi hiyo. Ameficha anachokijua nyuma ya asichokijua. Hata hivyo mwongozo wa kusahihishia humpa alama kwa "matumizi ya tamathali za usemi".

Ubaya wa aina hii ya pili unafanana na wa ile ya kwanza kuliko tunavyodhani. Mwenye dhihaka na mwenye sifa wote wawili wametazama dari, sakafu na choo. Hakuna aliyeuliza nani alijenga, nani anapita, nani hapiti. Walimu waliosoma historia ya Kenya watakumbuka mfano wa Embakasi, Nairobi. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1958, na wageni waliotua pale walikuwa na mengi ya kusifu. Lakini sehemu ya kazi ile ilifanywa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Maelezo ya uzuri wa njia ile ya kurukia ndege yasiyoitaja mikono hiyo yana upungufu, hata yakiandikwa kwa lugha safi namna gani. Sisemi kwamba jengo la Juba lilijengwa hivyo. Nasema kwamba swali la nani alijenga ni swali la kawaida kwa mtu anayetazama jengo, nalo halikuulizwa katika insha hata moja niliyoisoma.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, kwani hapo mwalimu wa Kiswahili ana silaha ambazo mhakiki wa majengo hana. Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya: msafiri na abiria. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, la kwanza likitokana na kusafiri na la pili na kuvuka. Katika matumizi yetu ya leo, abiria ni mtu kwa jinsi chombo kinavyomhesabu: ana tikiti, ana kiti, ana uzito wa mizigo. Msafiri ni mtu kwa jinsi safari inavyomhesabu: ameaga kwao, anakwenda mahali, na liko jambo linalompeleka. Ndiyo maana wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Wasingeweza kusema hivyo juu ya abiria, kwa sababu umaskini unaotajwa katika methali hiyo ni ule wa kuwa ugenini, mbali na watu wanaokujua, ilhali mtu aliyepanda basi la mtaani kwake naye ni abiria. Jengo la uwanja wa ndege hujengwa kwa ajili ya abiria. Insha huandikwa kwa ajili ya msafiri. Mwanafunzi asipofundishwa tofauti hii ataandika insha kana kwamba yeye ni mizani ya kupimia mizigo.

Fasihi yetu ya safari haikuanza hivyo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo wa masimulizi uitwao Safari za Wasuaheli. Humo wamo watu wa pwani waliokwenda bara, na yumo Selim bin Abakari, mtu wa Komoro, aliyesimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Masimulizi hayo yalitungwa wakati wa utawala wa Wajerumani na kukusanywa na Mjerumani, kwa hiyo yapaswa kusomwa kwa hadhari. Hata hivyo wasimulizi wake wanawatazama watu: wanakula nini, wanavaa nini, wana desturi gani, mgeni hupokewa vipi. Katika masimulizi ya misafara ya zama zile msomaji hukutana mara kwa mara na neno hongo, ambalo siku hizi lina maana mbaya, lakini wakati ule lilikuwa ada iliyolipwa kwa mtawala wa nchi ili msafara upite. Kwa wasafiri wale lango la nchi lilikuwa mtu, mwenye jina na tabia, wa kuzungumza naye na kupatana naye. Kwa wanafunzi wetu lango la nchi limekuwa mlango wa kioo unaojifungua wenyewe.

Jina la mtaa wetu pia laweza kutusaidia katika uhakiki huu. Atlabara ni maneno ya Kiarabu cha Juba: atla, toka, bara, nje. Mwalimu wa Kiswahili atatambua kwamba sehemu ya pili ni ndugu wa neno letu bara, kwani yote mawili yana asili moja katika Kiarabu, yenye maana ya nchi kavu. Kwa mtu wa pwani, bara ni kule ndani, mbali na bahari. Kwa msemaji wa Kiarabu cha Juba, bara ni nje, mbali na nyumba. Neno ni moja, ila wasemaji wamesimama mahali tofauti, huyu ufukweni na yule mlangoni. Ndivyo ilivyo pia kwa neno tayara, ambalo hapa ni ndege ya kusafiria, na ambalo Waswahili walilipokea kwa umbo la tiara wakawapa watoto kuwa jina la kishada. Mwanafunzi akiandika kwamba mjomba wake alikuja kwa tiara, darasa lisimcheke, bali mwalimu achukue dakika tano kueleza neno hilo lilikopita. Nami nimeyataja haya kwa sababu yanatufikisha kwenye swali ambalo mhakiki anapaswa kuliuliza kwanza kuhusu maelezo yoyote ya mahali: mwandishi amesimama wapi?

Katika fungu moja la insha nilikuta moja iliyopewa alama 11 kwa 30. Msahihishaji alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hukueleza uwanja." Ni kweli, hakuueleza, kwa sababu hakuingia. Mwandishi, kijana wa kidato cha pili, alisimama nje pamoja na bibi yake wakimngoja mjomba aliyekuwa akitoka Nairobi na watoto wake, baada ya kukaa huko tangu 2013. Kijana anaeleza waliosimama pale: waendesha bodaboda, mama muuza chai, askari aliyekuwa akiwasogeza watu nyuma mara kwa mara bila ya hasira. Anaeleza kwamba kila ndege iliposhuka bibi aliuliza kama ndiyo hiyo. Anaeleza kwamba bibi alishika kikaratasi kilichoandikwa jina la mwanawe mwenyewe, kama wanavyofanya madereva wa mashirika, akiogopa kwamba wakipishana hawatatambuana. Mjomba alipotoka, watoto wake hawakujua Kibari wala Kiarabu cha Juba. Walijua Kiswahili na Kiingereza. Basi yule kijana, kwa Kiswahili alichojifunza darasani, akawa mkalimani kati ya bibi na wajukuu wake pale pale kando ya barabara, na jambo la kwanza alilolitafsiri lilikuwa swali la bibi, kama watoto wamekula.

Nitaihakiki insha hii kama nilivyozihakiki nyingine, bila ya huruma isiyofaa. Upatanisho wake wa sarufi una makosa mengi: ameandika "watu ilikuwa mingi" na "bibi yangu ilichoka", namna ya Kiswahili kinachosikika katika masoko na stesheni za mabasi. Alama za uandishi ni chache. Alama zilizokatwa kwa makosa hayo zilikatwa kwa haki. Lakini muundo wake ni mzuri kuliko wa insha zote za fungu lile. Mwandishi anajua amesimama wapi na haondoki pale. Kila mtu anayemtaja ana kazi. Hakuna tashbihi hata moja katika sehemu kubwa ya insha, kwa kuwa hakuihitaji. Kikaratasi mkononi mwa mama mzazi kinamwambia msomaji habari za vita kuliko ambavyo kingemwambia kifungu kizima cha "madhara ya vita".

Iko sehemu moja ya uongo. Katika aya ya mwisho kijana anageuka ghafla na kuandika kwamba uwanja wetu mpya unang'aa na mtu hudhani yuko Ulaya. Msomaji makini ataona kwamba maneno haya hayakutoka mahali alipokuwa amesimama, maana kutoka kule nje hakuweza kuiona sakafu. Yalitoka darasani. Aliyaongeza kwa sababu alijua yanatakiwa. Basi katika insha nzima sehemu pekee isiyo ya kweli ndiyo ile iliyolingana na mwongozo wa kusahihishia. Nadhani hilo latosha kuwa hukumu juu ya mwongozo wenyewe.

Wako wenzangu ambao hawatakubaliana nami. Husema kwamba insha ya wasifu ni mtihani wa msamiati. Kwamba mwanafunzi lazima ajue njia ya kurukia, mnara wa kuongozea ndege, forodha, uhamiaji, rubani na mhudumu. Na kwamba nchi changa inahitaji vijana wanaoisifu. Kuhusu msamiati wana haki, nami ningeongeza kwamba wanafunzi wafundishwe pia kuwa abiria halibadiliki katika wingi: abiria mmoja, abiria wawili, abiria wale. Lakini msamiati hukaa vizuri zaidi unapofungamana na vitendo vya watu, yaani kuaga, kungoja, kukaguliwa, kupokewa, kurudishwa. Mtoto akijua nani alikaguliwa na kwa nini, neno forodha halitamtoka. Kuhusu sifa, nasema kwamba mtu huisifu nchi yake kwa kuijua. Sifa za kukopa hazimpi kijana mapenzi ya nchi. Zinamzoeza kuona kwamba aliyoyaona yeye hayana thamani mpaka yafananishwe na ya wengine.

Jambo hili lina uzito hata nje ya darasa. Tarehe 15 Aprili 2016, mjini Dar es Salaam, Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Katiba ya 2011 ya nchi hii imekipa Kiingereza cheo cha lugha rasmi, na lugha zote za wenyeji ni lugha za taifa. Kwa hiyo Kiswahili hapa kinaingia kama mgeni, na njia kinayoingilia kwa wingi zaidi ni midomo ya watu wanaorudi: waliokulia Kakuma, waliosoma Nairobi, Kampala na Arua, waliofanya biashara na Wakongo. Wengi wao hawakupita katika uwanja wa ndege. Walipita Nimule, mpakani mwa Uganda, kwa barabara ya kilomita 192 iliyokamilishwa kutiwa lami mwaka 2012. Kwa barabara hiyo hiyo, Julai 2016, msafara wa jeshi la Uganda uliwatoa watu wake waliokuwa wamezingirwa na mapigano. Mtoto aliyeingia nchini juu ya lori, akapewa mada inayomtaka aeleze jengo la abiria, anaambiwa tangu sentensi ya kwanza kwamba safari yake haikuwa safari.

Kwa sababu hizo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mada ibadilishwe, isemwe: "Eleza mahali ulipompokea au ulipomwaga mtu." Mwanafunzi wa uwanja wa ndege ataandika, na wa Nimule ataandika, na wa bandari ya mtoni ataandika. Pili, mwongozo wa kusahihishia utenge alama kwa mambo ambayo sasa hayana alama: mwandishi kuonyesha amesimama wapi, kuwapo kwa watu wenye kazi katika maelezo, na kutajwa kwa sababu ya jambo angalau moja linaloelezwa. Alama za tamathali zitolewe pale tu ambapo tamathali imemsaidia msomaji kuona. Tatu, insha za wanafunzi zenye sifa hizo zinakiliwe na kusomwa darasani, makosa ya sarufi yakisahihishwa mbele ya wote na maudhui yakiachwa yalivyo, ili vijana wajue kwamba Kiswahili sanifu ni nguo ya kuvalishwa kweli yao wenyewe.

Insha ya yule kijana ingefaa kuwa ya kwanza kunakiliwa, ikiwa yeye na mlezi wake wataridhia, na ikiondolewa aya yake ya mwisho. Ningependa pia irudishwe mbele ya jopo la wasahihishaji kabla ya muhula ujao, ipimwe kwa mizani mpya, na wale wanaodhani kwamba 11 kwa 30 ni haki yake watueleze katika kurasa hizi kwa nini.